Mkate Uliotulia

Mpendwa Shangazi mshauri, kabla hujaanza kucheka naomba unisaidie kwanza, maana najua utacheka, hata dada yangu niliyemsimulia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, lakini mimi mwenzio chakula hakipiti na nikisikia simu inaita roho inaniruka, na kilichonifikisha hapa si mwanaume wala si ugonjwa, ni mkate.

Nimeolewa katika familia yenye supamaketi, si zile za kutangazwa nchi nzima, ni zile ambazo ukitoka mji mmoja kwenda mwingine katika ukanda wetu huu lazima upishane na tawi, jina nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni na tafadhali usilichapishe. Mwenye mali ni mama mkwe wangu. Yeye na marehemu baba mkwe walianza na chumba kimoja chenye tanuri kwa nyuma, mama anaoka, baba anaendesha lori la bidhaa kutoka mji hadi mji, na mpaka leo hakuna mtu wa nje mwenye hata kijiko mle ndani, uamuzi wowote, kuanzia rangi ya toroli mpaka mlinzi asimame upande gani wa mlango, unatoka kwenye kiti chake cha ofisini pale juu ya tawi kuu. Ni mwanamke mwema, nisimsingizie, nilipojifungua alihamia kwangu na kuniuguza kama aliyenizaa. Ila ana mambo mawili hayaguswi. La kwanza, mtu wa familia hanunui kitu kwenye duka la mwingine, akija kukutembelea anakusalimia macho yakiwa tayari kabatini, na akiona pakiti ya chumvi asiyoijua anaishika kwa vidole viwili na kuuliza, "Hii nayo ilipotea njia?" La pili ni mkate wake.

Shangazi, mkate ule ni mgumu. Neno hilo naliandika kwako kwa sababu kwenye matawi yetu halitamkwi, inasemekana zamani meneja mmoja alilitamka kikaoni na mama hakumfokea wala hakumfukuza, alimtazama tu, na meneja mwenyewe akaomba ahamishiwe tawi la mbali. Tangu hapo wafanyakazi wana neno lao. Mteja akiuliza kama mkate ni laini, keshia anamjibu, "Umetulia." Wa asubuhi umetulia kidogo, wa jana umetulia, na ukiushika wa juzi utaambiwa, "Huo umetulia kabisa mama, nenda nao kama una chai." Ni neno la chini kwa chini, mama halijui, sisi watoto na wakwe tunalitumia tukiwa wenyewe na tunacheka sana. Kila tawi lina tanuri lake lakini kipimo ni kimoja, kipimo cha mama, na anayekilinda ni mwokaji mkuu tunayemwita Babu Tanuri, mzee aliyeanza naye tangu chumba kile kimoja, ukiongeza maji kidogo tu kwenye unga anakuja kusimama nyuma yako bila kusema kitu mpaka unajisikia mwizi.

Sasa mimi nina watoto wadogo, wakila mkate wa bibi yao, hata ule wa asubuhi, wanautafuna mpaka wanachelewa shule, basi nikaanza kununua mkate kwenye kiduka kilicho nyuma ya kituo cha mafuta, mkate ambao ukiubonyeza unashuka halafu unarudi, na nikifika kwenye gari nautoa kwenye nailoni yao na kuuingiza kwenye mfuko wetu wa karatasi wenye picha ya kikapu, nailoni naitupa palepale kituoni. Mume wangu anajua. Yeye ndiye mnunuzi wa unga wa matawi yote na anaula mkate ule kuliko watoto, ila msimamo wake ni kwamba yeye hajaona kitu.

Jumapili moja alasiri mama akaja bila taarifa. Mkate uko mezani, umekatwa, mfuko wetu pembeni. Nikamkaribisha, nikammiminia chai, akachukua kipande akakibonyeza kwa kidole gumba na kukitazama kinavyorudi, akakila taratibu bila kupaka kitu. Akachukua cha pili akakichovya kwenye chai, kikakatika kikazama, akakitafuta kwa kijiko huku anacheka peke yake, akasema, "Baba yenu huu angeurusha dirishani." Mimi nilikuwa nimeshikilia birika kwa mikono miwili.

"Huu haujatulia hata kidogo," akasema. "Umeokwa tawi gani?"

Nikajibu kabla sijafikiri, "La huku juu kwetu, mama."

"Na nani?"

"Na yule mwokaji wa pale, wanayemwita Kimya."

"Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika. Akaendelea kunywa chai, tukazungumza habari za watoto, nikadhani yamekwisha, lakini mlangoni akiwa anavaa viatu akainua kichwa na kuniuliza, "Kwa hiyo huu ni mkate wetu?" nami nikamjibu, "Wetu kabisa, mama." Mume wangu wakati wote huo alikuwa chini ya sinki akitengeneza bomba ambalo halikuwa limeharibika.

Jumatatu matawi yote yakapata habari. Kimya anapanda kuwa mwokaji mkuu, Babu Tanuri anatolewa kwenye tanuri na kupelekwa ghalani kupokea mizigo, na Jumamosi hii mameneja wote wanakutana tawi kuu, Kimya aoke na wao waonje halafu kazi ikabidhiwe rasmi. Kimya, ambaye salamu yake ni kutikisa kichwa, alinipigia simu akaniambia, "Mama, mimi nafuata kipimo kama wenzangu, huo mkate niliuoka lini?" Nikamwambia labda siku hiyo mkono ulikuwa mwepesi. Sasa amepongezwa na kila anayekutana naye mpaka na yeye ameanza kuamini, juzi nimemkuta tanurini amevaa kofia nyeupe mpya, ndefu, anawaeleza wenzake kwamba siri iko kwenye viganja.

Hilo ningelicheka Shangazi, lakini nilikwenda tawi kuu nikamkuta Babu Tanuri anafuta mashine ya kukandia, anaifuta mahali ambapo imeshang'aa, akaniambia, "Mkwe, mimi nilipewa kipimo nikakishika. Kama kilikuwa kibaya, si angeniambia?" Sikuwa na jibu. Nilinunua sabuni nisiyoihitaji nikaondoka, na garini nililia.

Sasa nimepata wazo. Nimeongea na mwenye kile kiduka cha nyuma ya kituo cha mafuta, yuko tayari Jumamosi kuniokea mikate isiyo na nembo, niipitishe mlango wa kupokelea mizigo na kuibadilisha na ile ya Kimya kabla haijaonjwa, angalau nisiumbuke mbele ya mameneja. Mume wangu anasema nikikamatwa yeye na mimi tulikutana tu njiani. Dada yangu anasema nijifanye mgonjwa. Moyo wangu unasema niseme ukweli, lakini nikisema ukweli nitakuwa nimesema mambo mawili kwa pamoja, kwamba mimi ni mwongo na kwamba mkate wake ni mgumu, na la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Shangazi nifanye nini?

Ni mimi,
Mkwe wa Mkate

*

Mkwe wa Mkate,

Nimecheka. Uliniomba nisianze na kicheko na nikajitahidi kweli, nikakaza uso mpaka pale mumeo alipoingia chini ya sinki, hapo nikashindwa. Tuendelee.

Kwanza nikuambie nilichofanya kabla ya kushika kalamu. Nilituma mtu tawi lenu lililo karibu na ofisi yetu aniletee mkate, nisije nikamhukumu mtu kwa kusikia. Keshia alimwambia umetulia. Nimeukata kwa kisu cha nyama. Hujatia chumvi hata chembe, mwanangu, pole, na hao watoto wako wape pole zangu pia.

Sasa nikuseme. Wewe umemwonea huruma mama mkwe wako kwa miaka yote hiyo kana kwamba ni mtoto asiyeweza kusikia neno. Wewe, wifi zako, mameneja, makeshia, na huyo mnunuzi wa unga, wote mmemvika mama wa watu kilemba cha ukoka, kisha mnakutana pembeni na kucheka kwa kineno chenu. Mwanamke aliyekuosha ukiwa huwezi kusimama ndiye uliyeshindwa kumwambia kwamba mkate umezidi ukavu. Unaiita hiyo heshima. Mimi naiita uvivu, na mwenzake ni woga.

Na huo mpango wa Jumamosi, mikate isiyo na nembo kupitia mlango wa mizigo, uache leo hii. Hivi umeufikiria mpaka mwisho? Mameneja wakionja na kusifu, Jumatatu Kimya ataoka nini? Utakuwa unabeba mikate ya kituo cha mafuta kwenda matawi yote kila asubuhi mpaka uzeeke? Halafu unasahau jambo dogo. Kwenye huo mlango wa mizigo, anayepokea sasa hivi ni nani? Umeandika mwenyewe kwamba Babu Tanuri ndiye anayepelekwa huko. Ungeingia na mikate ya watu mikononi ukamkuta amekaa pale kwa ajili yako. Ningependa kuiona sura yako, lakini nisingependa kuiona yake.

Haya, sasa soma tena barua yako, maana mimi nimeisoma mara kadhaa na naona uliiandika ukiwa umefumba macho.

Unasema mama halijui neno lenu. Ni neno la chini kwa chini. Vizuri. Siku ile alipobonyeza kipande kwa kidole gumba, alisema nini? Umeniandikia wewe, kwa mkono wako: "Huu haujatulia hata kidogo." Mwanangu, nani anazungumza hivyo kuhusu mkate? Mimi nimezaliwa na lugha hii na sijawahi kusikia mkate ukitulia mpaka nilipopata barua yako. Analijua. Huenda amelijua siku nyingi kuliko wewe uliyeolewa juzi, anapita kwenye rafu zake, ana masikio, anawasikia makeshia wake wakiwaambia wateja, ananyamaza na kwenda zake juu ofisini. Mmekuwa mkimficha kitu ambacho amekikalia.

Na mtu aliyeoka mkate kwa mikono yake tangu chumba kimoja, unadhani umeme ulikatika kichwani akasahau mkate wake ulivyo? Aliubonyeza. Akauonja mtupu. Akauchovya ukakatika. Kufikia hapo alikuwa ameshajua kila kitu isipokuwa jina la duka. Alipouliza umeokwa tawi gani, hakuwa anamuulizia mwokaji. Alikuwa anakuuliza wewe. Akakuuliza tena kama una hakika. Akakuuliza mlangoni, kiatu kimoja kikiwa mguuni. Mama wa watu amekufungulia mlango na kuushikilia mpaka mkono ukamchoka, na wewe kila mara unamjibu kwamba hakuna mlango.

Sasa kuna sentensi moja uliipita mbio, nami ndiyo iliyonikamata. "Baba yenu huu angeurusha dirishani." Dirisha gani? Alikuwa chini ya sinki mumeo, la sivyo angekuambia. Nadhani ni dirisha la lori. Umesema mwenyewe baba mkwe alikuwa barabarani na bidhaa kutoka mji hadi mji. Mtu wa namna hiyo anakula anakoegesha, mkate umekaa naye safari nzima, chai ni ya chupa. Akitaka kuchovya, mkate laini utambakia kikombeni. Nilipofika hapo nikachemsha chai, nikachukua kipande cha mkate wenu niliokuwa nimeuhukumu kwa kisu cha nyama, nikakichovya nikahesabu polepole mpaka nikachoka. Haukumeguka. Ukalainika vizuri, ukabaki mzima, na utamu wake ukatoka. Nimekula vipande vingi kuliko ninavyopaswa, na daktari wangu asisome hapa.

Kile kipimo, mwanangu, hakikukosewa. Kilipimwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Mama yako amekuwa akimwokea marehemu mkate wa safari katika matawi yote haya, anajua ni mkavu, anajua mnauchekea, na hawezi kukibadilisha kwa mkono wake mwenyewe. Ungeweza wewe? Mimi nisingeweza. Alihitaji mmoja wenu aseme, na hakupatikana hata mmoja.

Utaniuliza, kama anajua yote hayo, mbona amtoe Babu Tanuri? Hilo sijui, mimi si mganga. Pengine anawatikisa aone nani atafungua mdomo. Pengine ana hasira kweli, maana kudanganywa usoni na mkwe uliyemuuguza kunauma, na mtu mwenye uchungu anaweza kumkanyaga asiyehusika. Na pengine nimejifanya mjuzi bure na mama hajui lolote. Yote sawa kwako. Mzee aliyeshika alichopewa anatolewa kwenye tanuri lake kwa sababu ya sentensi yako, na analifuta tena na tena lile limashine akijiuliza kosa lake ni lipi. Hilo halisubiri tujue mama anawaza nini. Hilo linakwisha ukifungua mdomo, na anayeweza kulimaliza ni wewe peke yako. Uliposema kwamba unachoogopa zaidi ni kumwambia mkate wake ni mgumu, nilisikitika kidogo. Ulipaswa kuogopa zaidi jibu ulilokosa mbele ya Babu Tanuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Safu hii inatoka Alhamisi. Jumamosi usiifikie ukiwa na jambo hili tumboni. Nenda leo kwa mama, nyumbani kwake na si ofisini, maana ofisini atakuwa mwenye kiti na wewe unamtaka mama. Pitia kwanza kile kiduka chako ununue mkate, na safari hii uache kwenye nailoni yao, jina lao likionekana kutoka mbali. Kisha pitia tawi lenu ununue wa kwenu. Wa juzi kama upo.

Mumeo aende nawe. Hana haja ya kusema kitu, kusema si fani yake, lakini akae kwenye kiti ambapo anaonekana. Na mwambie kwa niaba yangu kwamba mwanaume anayenunua unga wa matawi yote kisha anakula mkate wa kituo cha mafuta kwa siri hana haki ya kukukana njiani.

Usianze na samahani ndefu, watu waliokosa sana huwa na hotuba nzuri na yeye hotuba amezisikia za kutosha kwa mameneja. Weka mikate yote miwili mezani. Sema, "Mama, ule wa Jumapili ulikuwa huu, Kimya hakuuoka, na Babu Tanuri hana kosa." Umemaliza. Kama atafoka, mwache afoke, umelistahili. Kama atakutazama tu kama alivyomtazama yule meneja, usiombe kuhamia tawi la mbali, wewe huna tawi la kuhamia, wewe ni mwanawe.

Akinyamaza, mimina chai. Chovya kipande cha mkate wake, si wa duka lile, ukile mbele ya macho yake mpaka kiishe, umuulize lori lilikuwa likisimama wapi. Muulize kwa sababu unataka kujua. Katika hayo mazungumzo mtapata wenyewe namna ya kuweka mikate miwili rafuni, huu wa chai ubaki na kipimo chake na Babu Tanuri wake, na mwingine wa watoto wenye meno ya maziwa aanze nao Kimya huko tawi la juu. Tafadhalini, huyo Kimya asivuliwe kofia mbele ya watu. Mtu ameongea kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwacheni na viganja vyake.

Nami nimelificha jina la maduka kama ulivyoomba. Lakini mwanangu, magazeti yetu na nyinyi mnayauza, yanapangwa pale karibu na kaunta tangu asubuhi, na mwenye mkate wake ataujua hata nikiufunga kitambaa. Kwa hiyo ukiwa unasoma mstari huu, usimalizie chai yako. Chukua funguo za gari.

Na wewe mama, kama gazeti limekufikia kabla yake, bandika maji jikoni na ujifanye hujasoma. Kujifanya hujui, wewe unakuweza kuliko sote.

Shangazi